Pweza Mkubwa wa Bi Mwanabaraka

Bi Mwanabaraka binti Ngwali ana mkono mdogo, na kwa miaka zaidi ya thelathini mkono huo mdogo ndio uliokuwa kipimo cha pweza Kisiwa Panza. Pweza ambaye kichwa chake, ule mfuko wake laini, hakijazi kiganja cha Bi Mwanabaraka, haguswi. Anaachwa tunduni mwake akue, ale kaa, azae. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo mahali. Alikuwa nayo mama yake, Bi Tatu, ambaye kiganja chake kilikuwa kikubwa kidogo. Alipofariki, kipimo kilishuka kwa upana wa kidole, na wanawake wa pwani wakacheka wakasema hata pweza wamerithiwa.

Ni mwanamke mfupi, mkavu, wa miaka sitini na ushei, aliyefiwa na mume zamani na kulea watoto watano kwa kijiti cha chuma na ndoo. Wanawake aliowafundisha kuchokoa pweza ni wengi, na wote aliwaanzia somo moja. Msichana akishavaa miwani ya kuzamia na kutia uso majini kwa mara ya kwanza, huibuka akipiga kelele kwamba ameona pweza mkubwa kama mbuzi. Bi Mwanabaraka humwacha apige kelele mpaka achoke.

"Bahari yakuza," humwambia. "Maji yana uongo wake, na miwani yazidisha. Weye kabla hujachokoa, tia kiganja chako mlangoni mwa tundu, umtazame pweza na kiganja pamoja. Kiganja chako wakijua tangu uzaliwe. Pweza humjui."

Sasa mwanamke wa namna hii, aliyetumia umri wake kuwafundisha watu wasidanganywe na maji, ndiye aliyekuja kuaibishwa kwa ajili ya picha. Ukilifikiri jambo hili huwezi kukaa kitako.

Mwaka huu, baada ya Idi, kamati ya uvuvi ilikubaliana kuufunga mwamba wa kusini kwa miezi mitatu. Si jambo geni pale. Mwamba ukichoka hufungwa, pweza wakapumzika na kukua, kisha hufunguliwa siku ya bamvua, maji yakitoka sana, na kila mtu huenda akachukua riziki yake. Mwenyekiti wa kamati ni Mzee Kificho, fundi cherehani aliyestaafu. Lishike hilo la ufundi cherehani. Mtu huyu aliwapima watu mabega na viuno kwa utepe miaka arubaini, na hata siku moja hakumkatia mtu kanzu kwa kumtazama tu.

Kamati ilimpa Bi Mwanabaraka kazi ya kuukagua mwamba. Kila bamvua aliingia peke yake, na mlinzi wa zamu akamsubiri kwenye mashua. Alitazama matundu, akapima kwa kiganja bila kugusa, akarudi na habari. Bamvua ya kwanza alisema, "Wachanga." Ya pili alisema, "Wachanga bado, lakini wapo wengi, alhamdulillahi." Watu waliridhika, maana walikuwa wakimwamini kama wanavyoiamini adhana.

Bamvua ya pili hiyo ndipo alipokuja Fahmi. Kijana wa Unguja, nadhifu, ana kamera inayoingia majini, katumwa kupiga picha za maonesho ya uchumi wa buluu yatakayofanyika Mkoani. Alimwamkia Bi Mwanabaraka kwa shikamoo ndefu, akamwambia kwamba nchi nzima inapaswa kumjua mwanamke kama yeye. Akamwambia yeye ni profesa wa bahari. Alimvisha kilemba cha ukoka, na Bi Mwanabaraka, ambaye maisha yake hakusifiwa ila na marehemu mumewe, tena mara mbili tu, alikipokea akakikaza. Hilo ni kosa lake na mwenyewe analikiri.

Kwa ruhusa ya siku moja ya kamati, alimchukua Fahmi mpaka kwenye tundu la pweza jike mmoja aliyekuwa akimfuatilia tangu mwamba ufungwe. Kichwa chake hakikufika nusu ya kiganja. Fahmi alisogeza kamera mpaka ikakaribia kumgusa yule kiumbe, na Bi Mwanabaraka, kwa mazoea yake, akatia mkono mlangoni mwa tundu.

"Pamoja na mkono wangu," alimwambia walipoinua vichwa. "Watu waone yu mdogo, wajue kwa nini twasubiri."

"Bila shaka, Bi," alijibu Fahmi.

Wiki mbili baadaye nusu ya Kisiwa Panza ilivuka kwenda Mkoani kujiona. Uwanjani, si mbali na bandari, lilikuwa limeegeshwa gari kubwa lililobeba skrini, na skrini yenyewe ilikuwa kubwa kuliko ukuta wa mbele wa nyumba yoyote ya kijijini kwao. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, jua bado kali, lakini skrini iling'aa kuliko jua. Wapagazi waliacha mizigo. Watoto walikaa chini mbele, wakubwa wakasimama nyuma na shingo zao juu.

Pweza akatokea. Jicho lake lilikuwa pana kama sinia la pilau. Mkono mmoja ulijikunjua taratibu kutoka pembe hii ya skrini mpaka pembe ile, na kila kijishimo cha kunyonyea kilikuwa kikubwa kuliko kofia ya mtu mzima. Alipovuta pumzi, ukuta mzima ulivuta pumzi naye. Watoto wa mbele walirudi nyuma wakikanyagana. "Allahu Akbar!" mtu mmoja alisema, na wengine wakamfuata. Halafu sauti ya kiume, nzito, ikatangaza kutoka kwenye spika kwamba hizi ni neema zilizomo katika mwamba uliofungwa wa Kisiwa Panza.

Bi Mwanabaraka alimjua pweza yule. Alilijua tundu lake na jiwe lenye ufa lililokuwa pembeni. Na bado, nataka lieleweke hili, kwa dakika nzima alimwamini yule aliyekuwa mbele yake akamkana yule aliyempima mwenyewe. Aliutazama mkono wake. Ulionekana kama wa mtoto mchanga. Ndipo alipokumbuka kwamba mkono ule ulitakiwa uwe pale juu.

Haukuwepo. Alisubiri picha izunguke irudi mwanzo, akatazama tena, akatazama mara ya tatu. Pweza, jiwe, maji ya buluu. Hakuna kiganja, hakuna kidole, hakuna chochote ambacho mtu amekijua tangu azaliwe.

Alimkuta Fahmi nyuma ya gari akinywa soda.

"Mwanangu, mkono wangu umekwendapi?"

"Nimeukata, Bi. Ulikuwa unachafua picha. Si umeona ilivyopendeza?"

"Umeukata?"

"Kidogo tu, pembeni. Watu wanataka kumwona pweza, Bi Mwanabaraka."

Mkono uliolea watoto watano, uliofundisha kisiwa kizima kuona sawasawa, umekuwa uchafu. Na yule kijana hata hakuona kama amefanya ubaya. Alikuwa akitabasamu, anasubiri kushukuriwa.

Kurudi kisiwani, ugonjwa ukaanza. Siku ya pili Nusaiba, binti wa mdogo wake, aliyemfundisha tangu ana miaka kumi na minne, alitoka kwenye mwamba wa kaskazini ulioachwa wazi na pweza wa kilo mbili kasoro. Mwaka jana angemzungusha kijiji kizima. Sasa alimbwaga mchangani.

"Katoto," alisema. "Tazama, Mamkubwa, siye twahangaika na vitoto, na wale majitu wamefungiwa kule wamekaa bure."

"Nusaiba, huyo ni pweza mkubwa. Mpime."

Nusaiba hakumpima. Alimtazama kwa huruma, na hiyo huruma ilimchoma Bi Mwanabaraka kuliko neno lolote baya. Na hakuwa Nusaiba peke yake. Kisiwa kizima kilikuwa kimepunguka machoni mwa wenyewe. Pweza walikuwa vitoto, kolekole walikuwa vidagaa, hata mashua ya Jabir, iliyokuwa ikiheshimika, mtu mmoja aliisikia ikiitwa kidau. Wote walikuwa wamesimama chini ya skrini mara moja tu, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, na ukubwa wa kila kitu ukavurugika vichwani mwao.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, Mzee Kificho aliitisha mkutano. Hoja ilikuwa moja: mwamba ufunguliwe bamvua inayokuja, kabla ya miezi mitatu kutimia, kwa sababu pweza wameshakuwa wakubwa na wakiachwa watakufa kwa uzee au watahama.

Bi Mwanabaraka alisimama upande wa wanawake. "Hawajakuwa. Mie ndiye n'ngiaye mle. Nusu ya kiganja, wengine robo. Wakichukuliwa sasa hawajazaa, na mwakani hamtakuwa na pweza wala mfupa wa pweza."

"Pweza hana mfupa," alisema mtu, wakacheka.

"Bi Mwanabaraka," alisema Mzee Kificho kwa upole, ule upole wa mtu aliyekwishaamua, "heshima yako ipo. Lakini watu wameona."

"Wameona picha!"

"Mamkubwa, tumeona kwa macho yetu," alisema Nusaiba. "Mwenye macho haambiwi tazama."

Bi Mwanabaraka alikuwa amejiandaa kwa hilo. Siku tatu kabla alimpigia Fahmi simu, akamsihi, akamkaripia, akamlilia mpaka yule kijana akaituma kwenye simu ya Nusaiba, maana simu ya Bi haipokei picha, ile picha kamili kabla haijakatwa. Bi Mwanabaraka alimwamuru Nusaiba aitoe. Simu ikapita mkono kwa mkono, wanaume wakiinamia kioo kidogo, wakiziba jua kwa kofia zao. Mkono ulikuwepo. Pweza alikuwa kando yake, nusu ya kiganja, na jiwe lenye ufa lilikuwa pale pale. Bi Mwanabaraka aliwatazama akijua kwamba amemaliza kazi. Anasema hiyo ndiyo saa ya mwisho aliyowapenda watu wale kwa moyo mmoja.

Mzee Kificho ndiye aliyekuwa wa mwisho kuishika simu. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, kisha akamrejeshea Nusaiba.

"Huyu siye," alisema.

"Siye vipi?"

"Huyu mdogo, Bi. Yule wa Mkoani mkubwa."

"Ndiye yule yule! Tazama jiwe! Tazama ufa!"

"Majiwe yenye nyufa mengi," alijibu fundi cherehani. Watu wakatikisa vichwa kumkubalia. Picha kubwa ilikuwa imesema pweza mkubwa, picha ndogo imesema pweza mdogo, basi ni pweza wawili, na mkono wa Bi Mwanabaraka katikati ya picha haukuonwa na mtu. Mtu mmoja nyuma alinong'ona, si kwa sauti ya chini sana, kwamba kuna watu wanaotaka mwamba uendelee kufungwa kwa kuwa wao wanaingia. Kura zikapigwa kwa mikono. Waliokataa walikuwa wanne, watatu kati yao vikongwe wasioweza tena kushuka pwani.

Siku ya bamvua Bi Mwanabaraka hakuingia majini. Alikaa juu ya mchanga, kijiti chake kimelala mapajani, akawatazama wanawake na wanaume wakiumiminikia mwamba na pembe zikipulizwa. Kwa saa ya kwanza zilisikika kelele na vicheko. Waliwachokoa wote waliowakuta, hakuna aliyetia kiganja mlangoni mwa tundu, kwani kiganja cha nini tena? Saa ya pili sauti zilipungua. Maji yalipoanza kujaa walirudi mmoja mmoja, wakamwaga ndoo zao mbele ya mzani bila kuangaliana.

Lilikuwa rundo kubwa la vitu vidogo. Pweza wa vidole, pweza wa kufunikwa na kifuniko cha buli, mamia kwa mamia, wengine bado wakibadilisha rangi juu ya mchanga. Mpimaji alimtundika mmoja na mshale wa mzani haukutikisika. Bi Mwanabaraka alimwona yule jike wake. Alimjua kwa mkono mmoja uliokuwa na kovu karibu na ncha. Machozi yakamtoka, na hakuyafuta, maana yalikuwa ya uchungu na ghadhabu na hakutaka kuyaficha.

Alisubiri waseme. Hakutaka waombe radhi kwa maneno mengi. Neno moja lingetosha, hata "kumbe" tupu. Nusaiba ndiye aliyeanza.

"Na wale wakubwa," aliuliza, "wamekwendapi?"

Macho yote yakahama kutoka kwenye rundo yakamwendea Bi Mwanabaraka, kwa sababu, ukimtoa Fahmi wa siku moja, ni yeye peke yake aliyekuwa na ruhusa ya kuingia mle kwa siku zote zile.

Mpaka leo akilisimulia hili huanza na hesabu. Miaka thelathini! Alipita juu ya pweza wa watu, akapima na kuacha, akapima na kuacha, nyumbani kwake wakila muhogo mkavu. Sasa aliulizwa mbele ya wajukuu zake amewapeleka wapi majitu ambayo hayakuwahi kuwepo duniani. Mlinzi wa mashua aliposema kwamba Bi alitoka mikono mitupu kila mara, mtu alimjibu kwamba mlinzi naye ana tumbo.

"Tusizozane," alisema Mzee Kificho. "Dini ipo. Bi Mwanabaraka, utakula yamini?"

Msahafu ukaletwa kutoka msikitini, umefungwa kwa kitambaa cheupe. Bi Mwanabaraka aliomba maji. Alitia udhu pale pale mbele yao, bila haraka, akajitanda vizuri mtandio, akasimama.

"Ntakula," alisema. "Lakini mie najua shauri lina taratibu zake. Nyie mwanishtaki, basi shahidi wenu yu wapi? Nani aliyewaona hao wakubwa kwa macho yake, ndani ya maji, akatia kiganja? Ajitokeze, tuape sote wawili."

Hakujitokeza mtu.

"Kama shahidi wenu ni ile picha, basi kaileteni. Ije iape mbele, mie nifuate."

"Gari limeshapanda meli, Bi," alisema Mzee Kificho akiinamisha macho. "Limerudi Unguja tangu juzi."

Bi Mwanabaraka akaweka mkono wake juu ya Msahafu. Wallahi, wabillahi, watallahi, hakuchukua pweza hata mmoja katika mwamba uliofungwa, mkubwa wala mdogo, wala hakumwona mwingine akichukua, na kama asema uongo Mungu asimfikishe Ijumaa ijayo. Aliyasema yote kwa sauti ambayo hata waliokuwa kwenye mashua waliisikia. Wanawake wengine walikuwa wakilia. Nusaiba alimwendea, akapiga magoti mchangani, akaushika ule mkono akaubusu.

"Nisamehe, Mamkubwa. Nakuamini. Wote twakuamini."

"Tunaamini," alisema Mzee Kificho, na wengine wakaitikia, na walikuwa wakisema kweli, uso wa kila mmoja ulionesha hivyo. Bi Mwanabaraka alifungua mdomo awaambie sasa waufunge mwamba tena, labda wale wachache waliosalia tunduni wataweza kuzaa.

Nusaiba alikuwa ameshainuka. Alikuwa akitazama ng'ambo ya maji, upande wa kaskazini.

"Basi waliowaiba wale wakubwa ni watu wa Wambaa," alisema.

Watu wakageuka wote kutazama alikotazama yeye. Mzee Kificho alifikiri kidogo, akaufunga Msahafu katika kitambaa chake, akamwita Jabir atayarishe mashua.